Sauti Sikioni mwa Eduviges

Televisheni ilimuua Eduviges Landeros kwa kumporomosha ngazini. Mwandishi wa tamthilia alichoka na yule bibi tajiri mwenye roho mbaya aliyekuwa akimwigiza, akamsukuma, basi. Shoga yangu akaja kwangu, wiki nzima anakula pozole yangu, supu ya mahindi na nyama, na kuwatukania watu wa televisheni mama zao, mpaka jumba la maigizo likampigia simu: anatakiwa acheze mjane katika mchezo mpya.

"Nimekubali, Chayo," akaniambia. "Ila kichwa hakishiki kitu."

Nilijua. Usichanani mwake aliigiza kwenye mahema ya vichekesho, akimeza mchezo mzima kabla uji haujapoa. Kwenye sinema alicheza makahaba waliotubu: maneno machache, machozi ndoo. Halafu ikaja televisheni na kile kidude cha sikioni. Hapa Mexico waigizaji wa tamthilia wengi hawajisumbui kukariri; kuna mtu chumbani anawasomea, nao wanatamka papo hapo. Akisema "lia," wanalia. Miaka yote hiyo ya kutafuniwa, ubongo si utaota kitambi!

"Wakijua, ndiyo basi tena, hakuna atakayeniita," akasema. "Utanisomea wewe."

"Wee! Mimi nimestaafu."

"Umestaafu kwa sababu hukuwa na kipaji. Kusoma unajua."

Mshenzi yule. Nikakubali.

Siku ya ufunguzi waigizaji wakatakiana "mavi tele," ndiyo heri yetu jukwaani, na ole wako ujibu asante. Mimi nikajibanza nyuma ya pazia na kipaza sauti cha kumfikia sikioni, karatasi za mchezo na mkate wangu wa nyama. Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Ikaja ya pili, mjane analilia maiti ya mumewe. Maiti ni don Evaristo, ambaye tangu mchana alikuwa ananuka mdomo hakuna mfano.

"Lo, mzee huyu ananuka kitunguu saumu," nikajisemea, nikasahau kipaza sauti kiko wazi.

Eduviges kazoea kutii. Akamkumbatia marehemu, akalia kwa kwikwi: "Lo, mzee huyu ananuka kitunguu saumu!"

Mwanamke mmoja ukumbini akaangua kilio, nadhani alimkumbuka wake. Tumbo la marehemu likaanza kutikisika kwa kicheko. Mimi karatasi zikanimwagika, mdomo haufunguki. Kimya. Kimya kirefu mpaka nikasikia haya.

"Mbona umenyamaza?" Eduviges akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Sema nami. Chochote. Usiniache peke yangu mbele ya watu hawa."

Watu wakadhani anasema na marehemu. Ukumbi mzima ukasimama ukipiga makofi.

Kwenye chumba cha kuvalia akanizaba kofi. "Mbwa wewe! Nilidhani umekufa!" Nikamshika mikono. Mara Bernardo, mwongozaji wetu, akaingia macho mekundu.

"Mama, ule ukimya! Kesho na kila siku, iwe hivyo hivyo."

Kesho yake tukapatana: nitanyamaza mahali fulani, naye atasema maneno yale yale. Yakatoka makavu kama chapati ya tortilla ya jana. Watu wakakohoa. Bernardo akauliza kama mama anaumwa, na Eduviges akaijua ile sura. Aliwahi kuiona kule televisheni, kabla hawajamsukuma ngazini.

"Usiniambie utanyamaza wapi," akaniagiza. "Wala kwa muda gani."

"Utaogopa, shoga."

"Sina kingine kilichobaki, Chayo. Niache nacho hicho."

Basi kila onyesho nachagua mahali mimi. Nafumba mdomo, yeye anasubiri, anageuza kichwa kidogo upande wa sikio, halafu anaanza kuniomba nisimwache. Maneno ya mchezo yanayofuata ninayo mkononi, nimeyawekea kidole. Ukumbini wanalia, na mimi nalia, kipaza sauti nimekizima asinisikie.