Mtihani wa Mama Pasi

Jina la Mama Pasi alipewa na wenzake wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, huko ughaibuni walikohamia. Miaka kumi na miwili amesimama kwenye meza ya pasi, na hakuna shuka lililotoka mikononi mwake na mkunjo. Ijumaa hiyo asubuhi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alilichezea jina hilo njia nzima mpaka ofisi ya leseni.

"Usipopasi wewe Mama Pasi, nani atapasi?"

Mama Pasi akatabasamu, kwa sababu aliona hapo ndipo mahali pa kutabasamu.

Tangu mumewe afariki, mwezi wa nne sasa, ndivyo alivyokuwa akiishi. Watu wakicheka, naye anacheka. Chakula kikiwekwa, anakula. Ndani hamna kitu. Siku ya mazishi hakutoa hata chozi, na waliokuja kumpa pole walimtazama yale macho makavu, wakaenda kusema wanayoyajua wao. Hata wifi alimnunia wiki mbili, kisha akachoka.

Kilichobaki ni kazi, nayo ilikuwa inaponyoka. Kiwanda kilikuwa kimehamia nje ya mji, huko ambako basi la kwanza hufika watu wakishakunywa chai ya saa nne. Msimamizi, ambaye mwenyewe hajui hata usukani unashikwaje, alimwambia Jumatatu aje na kibali cha kujifunza udereva, awe anakuja na gari la marehemu lililolala uani. Bila kibali, meza ya pasi anapewa mwingine.

Chumba cha mtihani kilikuwa na kompyuta nane na feni yenye kelele kuliko upepo. Kioo cha kompyuta kikamwuliza anataka lugha gani, kama wanavyoulizwa wageni wote nchini humo, akabonyeza Kiswahili. Kiswahili chenyewe sasa! Sijui kilitafsiriwa na mashine au na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Makutano ya duara yaliitwa "mzunguko wa kupeana zamu". Breki iliitwa "kizuia mwendo", na Mama Pasi akadhani ni lile tuta la barabarani, akashangaa dereva anaambiwaje alitumie kila afikapo mteremkoni. Maswali yalikuwa thelathini, ruhusa ya kukosa ni matano. Alipofika la ishirini na saba alikuwa ameshayamaliza yote matano, karibu yote kwa ajili ya maneno.

Swali lenyewe lilisema: *Taa ikiwa nyekundu, dereva anaruhusiwa kulia: (a) wakati wowote, (b) baada ya kusimama kabisa na kuhakikisha hakuna anayepita, (c) akiwa na abiria tu.*

Akalisoma mara tatu, akanyoosha mkono. Karani akaja, Mswahili mwenzake, mtu mzima mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi.

"Hapa pameandikwa kulia," Mama Pasi akanong'ona. "Kulia kabisa, kwa machozi?"

Karani akainama, akasoma. "Siruhusiwi kueleza, mama."

"Kwani wewe ungelia?"

"Siruhusiwi," karani akasema, ila mdomo ulimcheza.

Basi Mama Pasi akalichukulia swali lile kwa uzito ambao nadhani hakuna aliyewahi kulipatia. Wakati wowote? Haiwezekani, angekuwa ameshalia. Mbele ya abiria? Abiria alikuwa nao tele, na halikutoka chozi. Ila kusimama kabisa, hapo alijijua: tangu mazishi alitoka kwenye pasi akaenda sokoni, akatoka sokoni akashika kitabu cha sheria za barabarani; kusimama hajasimama. Akabonyeza (b). Alama ya kijani ikatokea. Dakika nzima ikapita ndipo akang'amua kwamba walimaanisha kukata kona kwenda mkono wa kulia, jambo ambalo sheria ya huko inaruhusu. Hakucheka.

Akapata ishirini na tano, hesabu ileile ya kupita. Wifi akampiga bega, karani akampa fomu dirishani. Akaijaza harakaharaka: jina, anwani, na chini kabisa jina la dereva wa kumsimamia na namba ya leseni yake. Namba hiyo aliijua kwa kichwa.

Karani akaichapa, akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama, leseni hii imefungwa."

"Imefungwaje? Hajawahi kuwa na kosa hata moja."

"Hapa inaonyesha..." Karani akavua miwani. "Inaonyesha mwenyewe amefariki."

"Ndiyo," akasema Mama Pasi. "Mwezi wa nne huu."

Wifi akaangalia chini.

"Anayekaa pembeni ya mwanafunzi lazima awe hai," karani akasema kwa upole, na papo hapo akaonekana kujuta.

Sheria ile Mama Pasi aliijua. Ilikuwa swali la tatu, na alilipata. Kitabu kizima alikisoma mpaka kikakatika uzi, na kila alipofika hapo, pa mwanafunzi na dereva wake, alimwona yuleyule mmoja amekaa pembeni yake, kioo ameshusha, anamwambia taratibu, mama, taratibu.

"Hakuna ndugu mwingine mwenye leseni?"

"Kwetu sote mwenye leseni alikuwa yeye tu," akajibu wifi.

"Basi matokeo yake hayapotei. Mkimpata mtu, njooni, hata mwezi ujao." Karani akairudisha fomu na kalamu juu yake. "Kwa sasa hilo jina likate, mstari mmoja tu, uweke sahihi pembeni."

Mama Pasi akashika kalamu. Jina hilo alikuwa ameliwekea sahihi mara nyingi: hospitali, makaburini, kwa watu wa bima. Wote walimletea likiwa limeshaandikwa kati ya wafu, yeye akaonyeshwa tu mahali pa kutia mkono. Hakuna aliyemwambia amkate mwenyewe. Akaweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya kwanza, akaiinua tena.

"Sitaki," akasema.

"Mama?"

"Nimesema sitaki kumkata."

Karani akashika ukingo wa fomu, kwa sababu ni mali ya ofisi. Mama Pasi hakuiachia; kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa amesimama kabisa.