Fimbo ya Shaba na Ulimi wa Mama Mkwe

Kabla ya kukiri, naomba iandikwe kwamba sikusema uongo. Danurwenda, ambaye sote tunamwita Danu, aliniuliza kama fimbo ya shaba imo ndani ya udongo, nami nikajibu kwamba imo. Ilikuwa imo. Ila udongo wenyewe ulikuwa ghorofa ya tatu, ndani ya chungu cha maua cha Bu Retno, mlezi wa bweni letu, alimopanda ule mmea wa majani makali tunaouita ulimi wa mama mkwe.

Danu, jirani yangu wa kitanda, alikuwa ameokota transfoma ya taa za neoni kwenye bango la duka la supu lililofungwa. Juu yake alisimamisha nyaya mbili kama pembe za mbuzi, ili umeme upande katikati yake ukiunguruma. Jumamosi jioni Pak Sasmito, mwalimu wetu wa fizikia, angekuja kuitazama. Akiridhika, Danu angekwenda kwenye mashindano ya sayansi mjini Semarang. Baba yake, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya, alishamshonea shati la batiki la safari.

"Acha kutafuna, sikiliza," aliniambia mchana wa siku hiyo. "Ncha hii ni volti elfu tano, na ile elfu tano. Katikati ya koili pamefungwa kwenye bodi ya chuma."

"Kwa hiyo bodi ni sifuri."

"Ni sifuri kwa sababu ardhi imeishikilia. Ardhi ikiachia, halafu ncha moja ikaegemea kitu kilichogusana na ardhi, bodi inapanda mpaka elfu tano."

"Kama kiranja mpya."

"Kiranja haui mtu, mjinga wewe. Haya, teremsha waya wa bodi dirishani, ukaufunge kwenye fimbo ya shaba, uipigilie uani. Hii kazi siwezi kumpa mtu mwingine, Lintang. Wote wanaiogopa mashine."

Nilipofika kwenye ngazi mvua ilikuwa ikimwagika. Chungu kilikuwa palepale, pakavu, na mzaha ukanijia umeshaiva: ardhi si ardhi tu? Nikauvuta waya kupitia dirisha la ngazini, nikachomeka fimbo katikati ya ulimi wa mama mkwe, nikasubiri kidogo, nikajipaka maji ya mvua kichwani ili nionekane nimetoka uani. Nilipanga kumcheka baadaye.

Danu aliijaribu kabla mwalimu hajafika. Moto wa zambarau ukapanda, mzuri kweli. Kisha upepo ukasukuma dirisha, pembe moja ikalegea, ikalalia nondo za dirisha zilizolowa. Danu akafanya kilicho sahihi: akanyoosha mkono azime swichi, iliyokuwa kwenye bodi.

Shoti ilimrusha hadi kwenye kabati. Nikachomoa plagi. Alikuwa anapumua, kiganja kimeungua, mkono umevunjika kwenye kifundo. Wenzetu wakambeba kumpeleka zahanati. Mimi nikateremka na fimbo na waya wake, nikaipigilia uani mvuani. Ilichukua dakika nne.

Asubuhi Pak Sasmito aliivuta fimbo ile, ikagoma kutoka. "Ardhi iko sawa," akamwambia Danu. "Basi kosa liko kwenye mchoro wako."

"Nadhani ni mimi, Pak," Danu akasema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikikwangua matope ya uani viatuni mwangu.

Wiki mbili alichora upya kwa mkono wa kushoto akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Semarang akaenda mwingine. Usiku mmoja akalisukuma daftari chini ya kitanda. "Kama nisichokielewa ndicho nilichodhani nakielewa kuliko vyote," alisema, "heri nisome uhasibu."

Ndipo nikakibeba chungu kile, nikakiweka mbele yake, nikamweleza yote.

Akagusa udongo kwa kidole. "Ulikuwa mkavu hivi?"

"Mkavu."

"Kwa hiyo mchoro ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, Danu. Wote."

Akalitoa daftari, akaandika mstari mmoja kuhusu udongo mkavu, kwa mwandiko wake wa mkono wa kushoto uliopinda. Nilingoja matusi, ningeyapokea kama pipi. Akasema tu, "Rudisha maua ya watu."

Siku hizi mashine inafanya kazi tena. Kila mara kabla ya kuiwasha, Danu hushuka mwenyewe ngazi zote tatu, mvua inyeshe isinyeshe, kuikagua fimbo. Mimi hubaki juu, karibu na dirisha, nikimtazama akiinama uani. Sijawahi kutumwa tena.