Aya Moja kwa Ajili ya Nyumba ya Muhogo

Mimi nikisimulia hadithi kwenye matanga, hakuna mtu wa kijiji chetu cha Anse Gommier anayekwenda kulala kabla sijamaliza. Nasema "Krik!", wanaitikia "Krak!", na hapo nimewashika. Naanza mbali, nazunguka, naficha, na jambo lenyewe nalitoa mwisho kabisa, watu wameshachoka kubahatisha. Sasa fikirieni nilivyojisikia siku Mwalimu Lyndelle, kabinti ambaye mama yake nilimsuka mimi siku ya harusi, aliponirudishia karatasi yangu ya Kiingereza.

"Ma Odi," akasema, "hii si aya. Hii ni safari."

"Safari ya wapi?"

"Umeanza na babu wa babu yako akishuka kwenye mashua. Nimefika chini ya ukurasa, bado sijaambiwa unataka nini."

"Si usubiri! Utamu uko mwisho."

"Kwenye aya ya Kiingereza utamu unauweka mwanzo. Sentensi ya kwanza inasema jambo lako. Zinazofuata zinalitetea hilo hilo, si lingine. Ya mwisho inafunga. Basi."

Nilicheka mpaka nikapiga dawati. Mtu akishasema yote mwanzoni, nani atabaki kusikiliza sentensi ya pili? Nikamwuliza hivyo hivyo. Lyndelle akakuna kichwa.

"Swali zuri hilo, Ma Odi. Mimi nilifundishwa tu, sikuwahi kuuliza."

Nilimpenda kuanzia hapo, maana wasomi wengine wangenitungia jibu. Lakini lile swali nalo likaninasa. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Msidhani nilirudi darasani kwa kupenda. Kamati ya barabara ilitaka kubomoa nyumba yetu ya muhogo ili watalii wanaokuja kwenye maporomoko wapate pa kuegesha magari. Mwenyekiti wake, Bwana Pruitt, alikuwa mhandisi Mzungu kutoka ng'ambo, lugha yetu ya Krioli hajui hata salamu. Akatangaza kwamba mwenye pingamizi aje ukumbini na aya moja, kwa Kiingereza, aisome mwenyewe. Aya moja! Jirani yangu Eutrice alicheka akashika mbavu.

"Shoga, wewe hata kuomba chumvi unaanzia kwa Nuhu. Aya moja utaiweza wapi?"

Nyumba yenyewe ni paa la mabati, mawe ya jiko, na kaango la chuma pana kuliko meza ya kulia. Humo tunakuna muhogo, tunaukamua, tunauchekecha, tunauoka mikate. Alianza bibi, akafuata mama yangu, Ma Felisite, na sasa mimi. Mama bado yumo, kwa namna yake. Akili yake imeondoka. Nyumbani ananitazama kwa adabu na kuniuliza, "Samahani mama, wewe umekuja kumwona nani?" Nampikia, namwogesha, ananishukuru kama mgeni. Lakini nikimpeleka kwenye nyumba ya muhogo, unga ukagusa chuma cha moto na ile harufu ikapanda, anashika kibao chake cha kugeuzia na kufoka, "Odilia! Moto umezidi! Umezaliwa leo wewe?" Nayapenda matusi hayo kuliko kitu chochote duniani.

Hayo sikuyaandika. Ni mambo ya ndani, si ya kupeleka kwa kamati. Niliandika kwamba nyumba ya muhogo ni muhimu sana kwa utamaduni wetu, nikatia sababu tatu, nikafunga vizuri. Lyndelle akaisoma, akaisoma tena.

"Imenyooka," akasema. "Kila kitu kiko mahali pake."

"Mbona umekunja uso?"

"Sijui, Ma Odi. Nimemaliza kuisoma, na sina hata swali moja la kukuuliza."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi, Odilia, nisiulizwe swali! Kesho yake asubuhi tulikuwa tukimenya muhogo na Eutrice, nikasema hebu nijaribu hii njia ya Kiingereza nione inavyokwenda. Nilikuwa na habari motomoto. Siku zote ningeizungusha mpaka jua la utosi, nikianzia kwenye hali ya hewa. Safari hii nikaitupa yote kwa mkupuo.

"Garvin kalala kwenye banda la mbuzi."

Kisu kikamtoka Eutrice mkononi. "Ebo! Garvin yupi, huyu mzee wa kanisa? Kwa nini? Mkewe kamfukuza? Kafanya nini tena?"

Nikajibu la kwanza, akadaka la pili. Nikajibu la pili, akanivuta gauni anataka la tatu. Nilikuwa nimeshasema jambo lote, na bado mtu habanduki! Nikabaki mkono hewani, muhogo nusu umemenywa. Kumbe kusema mwanzoni hakumalizi maneno, kunayafungulia. Yale maswali yake ndiyo yalikuwa yakiniambia sentensi gani ifuate. Hawa Waingereza nao wana Krik yao, ila hawajui kwamba wanayo!

"Shoga, unakwenda wapi? Hujamaliza habari ya Garvin!"

"Mchungulie Mama!" nikamjibu, nikakimbia na mikono yenye utomvu mpaka shuleni. Lyndelle alinisikiliza, macho yakamng'aa. Akavuta kiti karibu.

"Basi, Ma Odi, niambie. Kuhusu nyumba ya muhogo, ni sentensi gani ukiisema nitashindwa kukaa kimya?"

"Ni ya zamani sana."

"Sijashtuka."

"Mikate yake ni mitamu."

"Hilo najua, tumbo langu ni shahidi."

"Utamaduni!"

"Ma Odi, tafadhali."

Nikakasirika. Nikainuka nikajifunga kitambaa. "Niache niende zangu. Moto wa kaango nimeuacha unawaka, na Mama asiponikuta pale leo, basi leo hatanijua kabisa."

"Hatakujua vipi?" akasema Lyndelle. "Kwa nini pale tu? Nyumbani je?"

Tukatazamana. "Hapana," nikamwambia. "Hilo simwambii mzungu mimi. Hilo ni langu."

"Ni lako," akasema taratibu. "Ndiyo maana hakuna mwingine anayeweza kuliandika."

Niliondoka bila kuaga. Lakini nikaliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani, Eutrice kamshika mkono. Aliyenitangulia, mzee mmoja wa mtaa wa juu, alianza na kimbunga cha utoto wake, na kabla hajafika kwenye barabara Bwana Pruitt akamshukuru na kumkalisha. Yule mzee alirudi kitini kwake bado anasema peke yake. Nilimwonea huruma.

Nikasimama. Nikasoma kwa Kiingereza changu, kila neno kivyake:

"Mama yangu ananijua mahali pamoja tu duniani, na hapo ndipo mnapotaka kuegesha magari."

Halafu nikanyamaza. Mazoea ya matanga hayo, ukitupa neno unangoja liitikiwe. Lyndelle alifumba macho, akidhani nimesahau kusoma. Bwana Pruitt akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hapo tu?" akauliza.

Nikasoma sentensi ya pili: "Nyumbani ananiita mgeni, lakini harufu ya unga ikipanda kwenye lile kaango ananiita kwa jina."

"Lakini mama, nyumba kama hiyo si inaweza kujengwa mahali pengine?"

Nikasoma ya tatu: "Mwaka paa lilipoezuliwa tulioka kwa jirani, na mama yangu alikaa pembeni akaomba arudishwe kwao."

Watu wakaanza kuguna. Mtu nyuma akasema kwa Krioli, "Huyu mzungu anauliza yaliyomo kwenye karatasi!"

"Na magari yataegeshwa wapi?" akauliza Bwana Pruitt, sauti imeshuka.

"Kwa hiyo naomba maegesho yawe ng'ambo ya daraja," nikafunga, "na watalii watembee kidogo, wana miguu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho Mama akamgeukia Eutrice, akauliza kwa sauti kubwa, kwa Krioli, "Yule mwanamke ni mtoto wa nani? Anasema vizuri."

Kicheko kikakatika. Eutrice machozi yakamtiririka. Bwana Pruitt akamtazama Lyndelle amtafsirie, naye akamtafsiria. Yule bwana akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Akasema atakuja asubuhi kupaona.

Nyumba haikubomolewa. Nawaambia sasa hivi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na najua mtataka kujua ilikuwaje.

Ilikuwa hivi. Alikuja na buti zake mpya, akasimama mlangoni, moshi ukamwingia machoni. Nikamwongoza Mama mpaka kwenye kaango, naye njiani ananiuliza kwa adabu kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nikatandaza unga. Harufu ikapanda. Mama akanusa, akashika kibao chake, akageuka na kumwona yule mtu mrefu kakingama mlangoni.

"Odilia!" akafoka. "Mwambie huyu asogee, anazuia hewa! Na wewe moto gani huo?"

Bwana Pruitt akasogea upesi, bila kutafsiriwa. Kisha akaniinamia na kuniuliza polepole, "Amesema nini?"

Kulikuwa na mengi ya kumweleza, ya moto na ya hewa. Nikaanza na jambo lenyewe.

"Amesema Odilia," nikamjibu.