Wati Mbili Hadi Kisiwani

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana redio ya mawasiliano ya wati mia nane na mdomo wenye nguvu kuliko hiyo redio. Kile kisiwa ambacho sisi wapenda redio wote tulikuwa tukikiita hewani, yeye alikipata siku ya kwanza, akanipigia simu papo hapo kunitambia. Mimi nilikiita siku nane bila kujibiwa.

Kisiwa chenyewe hakikaliwi na mtu. Mabwana watatu walikwenda kwa meli kuweka kituo cha redio huko kwa siku tisa tu, na mara ya mwisho mtu kufanya hivyo nilikuwa bado sijaoa. Nilikitaka kwa redio niliyoiunda kwa mikono yangu, wati mbili, kwenye masafa yaitwayo bendi ya mita ishirini. Naipenda bendi hiyo kupita zote, maana mchana inaweza kukuvusha bahari kwa nguvu isiyotosha kuwasha taa ya friji. Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Wangefunga saa kumi alasiri.

Adui yangu hakuwa umbali, alikuwa jengo letu. Chaja, televisheni, taa za bei poa, vyote vinanguruma redioni. Wanasema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Aliyesema hivyo hakuwa na redio.

Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye saluni yangu ya kunyolea, chini ya jengo hilohilo, namnyoa shemeji.

"Shem, nunua redio ya maana," akasema. "Hiyo yako hata jirani haisikii."

"Tulia, nisije nikakukata sikio."

Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa mashine iliponizimikia mkononi. Feni ikasimama. Jengo zima likaguna, na mtu akatukana kutoka ghorofa ya tatu. Mimi nikashangilia. Umeme umekatika, na redio yangu inatumia betri!

Nikapanda ngazi mbili mbili. Shemeji akanifuata na taulo shingoni, akiutukana ukoo wangu. Chumbani nikawasha redio: kimya safi. Na chini ya kimya hicho, mlio mwembamba wa Morse, zile nukta na vistari vya kugonga. Kisiwa kilikuwa kinaita!

Nikagonga herufi zangu za utambulisho. Akajibiwa mwingine. Nikagonga tena na tena, kila mara mwingine. Hadi zikabaki dakika nne wafunge.

"Hawakusikii, shem," akasema, safari hii bila kejeli.

Basi nikafanya jambo ambalo wenye redio kubwa hawalihitaji: nikanyamaza, nikasikiliza. Kila akishamjibu mtu, yule bwana wa kisiwani alisogea juu kidogo kwenye masafa kumtafuta anayefuata. Nikatangulia pale atakapofika, nikamsubiri, nikagonga mara moja.

Zikarudi nusu ya herufi zangu, na alama ya kuuliza.

"Rudia! Rudia!" Shemeji alipiga meza hadi penseli ikaruka.

Nikarudia. Herufi zangu zote zikarudi, moja baada ya nyingine, na salamu juu yake. Nikapiga ukelele ambao nadhani kisiwani waliusikia bila redio. Nina miaka hamsini na mbili, na sijawahi kufurahi hivyo.

Umeme uliporudi, ngurumo ikafunika kila kitu. Lakini maji yalishamwagika. Shemeji aliokota penseli, akavuta daftari langu la kuandikia mawasiliano bila kuulizwa. Akaandika saa, akaandika kisiwa, akaandika wati mbili, na chini yake akatia sahihi yake: shahidi.