Waya Uliovaa Suti

"Nitieni hata kwenye gunia," alisema yule ambaye ukoo mzima ulimwita Masikio, "waya wa umeme nitautambua kwa sauti tu. Mnene au mwembamba, sikosei!"

Alikuwa amejitandaza katikati ya sebule, ile ile alimomtoa mkewe mshonaji na cherehani yake ili mtambo wake wa muziki upate kupumua. Tangu hapo mama wa watu alishonea kwenye korido, magoti ukutani, na kila aliyekwenda chooni alimkanyagia vitambaa. Masikio hilo hakuliona. Macho yake yalikuwa kwenye waya mpya: mnene kama mkia wa kenge, umevikwa soksi ya nyuzi, na kazi yake yote ni kutoa umeme kwenye soketi na kuufikisha kwenye amplifaya. Hatua mbili.

"Shemeji," alisema kaka wa mke, fundi umeme, "waya wa ndani ya ukuta huu niliuvuta mimi. Mwembamba kama kamba ya kiatu. Umeme utoke nguzoni pekupeku, halafu hatua mbili za mwisho ndiyo uvae suti?"

"Fundi balbu, muziki utaujulia wapi?" Masikio alimtazama kama mtu aonavyo tope kwenye soli. "Hayo yako ni masikio ya kusikia kengele ya shule."

Mke akaacha mkasi. "Basi tujaribu mara tano. Ukikosa hata moja, mtambo unahamia korido, cherehani yangu inarudi sebuleni, pale dirishani. Ukipata zote, sisemi tena."

Fundi akaleta waya wa kawaida wa kompyuta, uliochakaa. Sharti lake lilikuwa lile la kazini: waya hauguswi umeme ukiwepo. Kwa hiyo mama mkwe, aliyekuja kusalimia tu, akasimamishwa kwenye swichi ya soketi, azime na kuwasha.

Kitambaa cha macho Masikio alikikataa. Eti kingemziba masikio. Aligeuza kiti, akaupa mtambo mgongo, akalikabili kabati la vyombo. Kioo cha kabati kilimeta; mkewe alikuwa amekipangusa asubuhi. Humo mlionekana mikono ya fundi, soksi ya waya, na mgongo mpana wa mama mkwe.

Wimbo ukaanza. "Mwembamba. Sauti ina mafua." Kweli.

"Mnene. Sasa mwimbaji ana kifua." Kweli tena.

Ya tatu, kweli. Ya nne, kweli. Fundi alianza kujikuna kisogo. Mke akaitazama korido yake kama mfungwa aliyeongezewa kifungo. Na Masikio kichwa kikamvimba, hata akaona kusubiri ni kazi ya wasio na kipaji.

"Mnene!" alipaza sauti mara ya tano, shingo upande, mkono ukipepea hewani. "Sikieni besi hiyo! Imetulia kama maji mtungini! Fundi balbu, unasikia lakini?"

Nzi alipita, akasikika vizuri sana.

"Baba," alisema mama mkwe taratibu, kidole kingali kwenye swichi, "mbona sijawasha?"

Kisha akageuka, akafuata macho ya mkwewe mpaka kwenye kioo cha kabati, na humo kiooni akampungia mkono.

Masikio, kabla hajajizuia, akainamisha macho.