Kipindi cha Kuazima

Mwalimu wa sanaa alikuwa amekwisha kugawa karatasi, na watoto wa darasa la pili walikuwa wakigombea kichongeo, mwalimu wa hisabati alipochungulia mlangoni na rula yake ndefu kwapani.

"Dada, naomba uniazime kipindi chako," alisema. "Mtihani umetukaba kooni. Na huku si mnachora tu?"

Akamwachia, kama alivyomwachia wiki iliyopita na ile ya kabla yake. Vipindi vya kuazima havirudi, walimu wote wanalijua hilo, na anayedai cha kwake huonekana mchoyo. Alipokuwa akikusanya karatasi aliona kucha zimempauka. Hadi saa ya kwenda nyumbani gauni lake la kijani lilikuwa la kijivu, na yeye mwenyewe amebaki mistari mitupu ya penseli, tena isiyokolea.

"Umepauka," mumewe alimwambia huku akimpakulia chakula. "Wamekichukua tena?"

"Wamekichukua."

"Jipake mafuta basi."

Akajipaka. Hayakusaidia kitu, sanasana yaliichafua mistari ya mikono. Dawa aliijua. Miaka yote hakutaka ukubwa wala ofisi. Alitaka kipindi chake kimoja na watoto na rangi, basi. Wakizidi kukichukua atafutika, na hilo lilimtia hofu.

Watoto ndio walioanza kumtengeneza. Kesho yake mapumzikoni walimzunguka na vipande vyao vya kreyoni, wakampaka kuanzia miguuni, bila kuuliza. Gauni lilitoka la zambarau maana kijani kilikuwa kimeisha, sikio moja likawa la njano, na nywele akapata nyingi kuliko alizokuwa nazo. Uso ulitwaliwa na msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Bibi kwa kuwa alitembea mikono ikiwa mgongoni. Bibi alimchorea mdomo mwekundu, mstari mmoja uliopinda kwenda juu mpaka karibu na masikio, kama anavyowachorea wote: mama yake, mbuzi, hata jua.

Mwalimu alitaka kumwambia auache wazi kidogo. Lakini mdomo wa mstari mmoja hausemi. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mchoro wa mwenzako hausahihishwi, na kanuni hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Akaingia ofisini akitabasamu.

Ijumaa kulikuwa na kikao. Mwalimu Mkuu, aliyezoea kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, alianza kwa sifa.

"Nimeona jambo la kutia moyo," alisema. "Watoto wanampaka mwenzetu rangi mapumzikoni, na kengele ikilia anang'aa. Kumbe sanaa haihitaji kipindi! Kuanzia Jumatatu kile kipindi kiwe cha hisabati moja kwa moja, tuache mambo ya kuazimanaazimana. Kuna mwenye pingamizi?"

Mwalimu wa sanaa alisimama. Hasira zilimpanda mpaka kwenye sikio la njano. Alikuwa na maneno ya kujaza ubao mzima. Alijitahidi kuukunja mdomo ushuke, hata upande mmoja tu, lakini kreyoni ilikuwa imekolea, ukabaki vilevile.

"Mnamwona?" Mwalimu Mkuu alisema. "Mwenyewe kafurahi mpaka kasimama."

Wakampigia makofi. Mwalimu wa hisabati, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsogezea kiti akae.

Jumatatu watoto walikuja mapumzikoni na kreyoni zao, zamu hii wakiwa na kijani kipya. Bibi alimshika kidevu, akamkagua, akagundua kwamba mwisho wa mdomo, upande wa kushoto, rangi imeanza kufifia.

"Tulia, mwalimu," alisema, akiikandamiza kreyoni nyekundu. "Usije ukaonekana umenuna."