Blandine Asiyesikia Njaa

Watu wa Bwera walianza kumcheka Blandine kabla yeye mwenyewe hajajua kinachochekwa. Siku ya soko, akiwa anakunja vitenge mezani pake, Jean-Bosco, mvunja pesa wa mpakani, alipita, akamsalimu vizuri, kisha akamwuliza kama jikoni kumeshapoa. Blandine akauliza jikoni gani. Jean-Bosco akatabasamu na kuendelea na safari yake. Baadaye muuza nyanya mmoja akaja kumpa pole kwa kujikojolea mbele ya wageni. Blandine alidhani mama yule ana homa. Lakini alipotokea wa tatu, mzee mzima, akamwambia asikate tamaa, mtoto wa tano atakuja tu, Blandine alimwomba jirani amwangalizie meza, akafunga kilemba chake upya na kwenda moja kwa moja dukani kwa mumewe.

Mumewe, Kule, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuingizia watu nyimbo, kando ya barabara iendayo mpakani mwa Uganda na Kongo. Kompyuta aliyofanyia kazi ilitokana na vitenge vya Blandine. Yeye ndiye aliyevitoa Butembo, kwao Kongo alikozaliwa, akavivusha mpaka wa Mpondwe na kuviuza Bwera mpaka Kasese mjini, hadi siku moja akarudi nyumbani na mashine ile imefungwa kwenye blanketi, akamkabidhi mume. Usiku huo Kule alikosa usingizi kwa furaha.

Siku hiyo Blandine alikuta benchi la dukani limejaa wanaume, simu zao zikichaji ukutani na macho yao yote yako kwenye skrini. Palionekana nyumba isiyo na paa, watu wakitembea ndani yake kama watu wa kweli. Mwanamke mmoja, mfupi, mweusi wa kung'aa, kilemba kichwani, alikuwa amebeba mtoto huku sufuria ikitoa moshi nyuma yake. Kiingereza Blandine hakukijua, shule alisoma kwa Kifaransa, lakini jina lililoandikwa chini ya picha ya mwanamke yule halikuhitaji kutafsiriwa. Lilikuwa lake.

Aliyemweleza ni wifi yake Sylivia, dada wa Kule, aliyekuwa akisuka nywele chumba cha pili. Ule ulikuwa mchezo wa maisha. Unaumba watu, unawapa sura, majina na tabia, kisha kila mmoja unamchagulia lengo moja kubwa la kulifuatia mpaka uzeeni. Njiani humjia matakwa madogo madogo. Akitimiziwa, anapata pointi za furaha, na pointi hizo hununua zawadi. Kule alikuwa ameumba nyumba yake nzima humo. Kule wa kwenye skrini lengo lake lilikuwa kuwa mwanamuziki wa kujulikana duniani. Lengo la Blandine lilikuwa kulea watoto watano mpaka wakue, wote wakifaulu shuleni. Wateja waliufuatilia mchezo huo kila siku kama habari za ukoo wao.

Blandine akauliza vitenge viko wapi.

"Huko ndani hakuna soko ya vitenge, Mama Masika," Kule alisema, bila kugeuza shingo. "Huko wewe unapumzika. Na watu wanakupenda. Hawa wote wamekuja kukuona wewe."

Blandine alimtazama mwanamke aliyeambiwa anapumzika. Yule aliweka mtoto chini, akazima moto, akaokota sahani, akaenda kuosha sahani, mtoto akalia, akarudi. Kule wa kwenye skrini alikuwa sebuleni anapiga gitaa. Blandine hakutaka kugombana na mumewe mbele ya wateja, hakulelewa hivyo, kwa hiyo alirudi mezani pake. Ila jambo lile halikuishia pale. Kila aliyepita sokoni alimsalimu kwa yale yaliyompata yule mwingine jana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za biashara yake. Nyumbani alijaribu kulizungumza mara kadhaa. Kule alimjibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto, kwamba ni mchezo tu.

Kisha Kule akaitwa aende Rukoki, ambako kaka yake alikuwa anaezeka nyumba na alihitaji mikono. Duka akamwachia Sylivia. Asubuhi iliyofuata Blandine aliwapeleka watoto shule, akapitia dukani na kumwomba wifi yake aufungue ule mchezo na kumfundisha kushika kipanya.

"Kaka akijua, mimi atanimaliza," Sylivia alisema.

Blandine akamjibu kwamba mashine ambayo anajua mwenyewe ilikotoka, hahitaji ruhusa ya mtu kuigusa. Sylivia akavuta kiti.

Wanaume wa benchi walikuwa wameshafika, simu zao zikiwa zimechomekwa. Hapo mwanzo waliona ni kichekesho kizuri, Blandine kumchezesha Blandine. Yeye hakuwatazama. Alijifunza kumwita mwanamke wake, kumpeleka huku na huku, kumketisha. Alipomketisha tu, vikatokea vipicha vidogo kwenye kona ya chini ya skrini, na kimojawapo kilikuwa mkoba mweusi. Akauliza ni nini.

"Ni takwa," Sylivia alisema. "Anataka kazi. Kazi ya biashara."

"Nani ameiandika?"

Sylivia akamweleza kwamba halijaandikwa na mtu. Linakuja lenyewe, kufuatana na tabia za mhusika. Akafungua ukurasa wa tabia. Kule alikuwa amemuumba mkewe hivi: mchapakazi, jasiri, mpenda biashara, asiyependa kukaa bure. Blandine alisomewa maneno yale, akaomba asomewe tena. Kumbe mumewe alimjua vizuri kabisa. Alimjua, akamuumba alivyo, halafu akamfungia jikoni.

Thembo, kijana wa bodaboda aliyekuwa mwisho wa benchi, alisema bila ubaya wowote: "Hiyo ya mkoba inakujaka kila siku. Kule anaitoaka."

"Anaitoa namna gani?"

Thembo akaonyesha kwa kidole hewani, kubonyeza mara moja, basi. Wenzake wakakubali kwa vichwa. Wote walikuwa wakiiona. Ilikuwa sehemu ya burudani: Blandine anataka kazi, Kule anafuta, anataka tena, anafuta tena, benchi linacheka.

Blandine aligeuka akawatazama mmoja mmoja. Hawa ndio waliokuwa wakimvunjia pesa, wakimbebea mizigo kutoka Mpondwe, wakimkopesha mwavuli mvua ikinyesha. "Na nyinyi mulikuwa munaangalia tu," alisema. Halikuwa swali.

Akataka kuona zawadi. Alijua sasa kwamba mwanamke yule, kwa watoto wake kufaulu na kwa vyakula vyake kuiva, alikuwa amepata pointi nyingi za furaha. Basi zilinunua nini? Sylivia alifungua, akapitisha macho kwanza. Kisha akasoma taratibu. Kule alikuwa amemnunulia mkewe zawadi ya kutosikia njaa. Akamnunulia ya kutohitaji choo, maana aliaibika mbele ya wageni. Akamnunulia ya kutochafuka, asipoteze muda wa kuoga. Furaha yote ya mwanamke yule ilikuwa imegeuzwa kuwa nguvu za kumfanyisha kazi zaidi.

"Ananipa zawadi ya kutokula," Blandine alisema. Sauti yake ilitulia kiasi kwamba Sylivia aliogopa.

Akauliza kama lengo la maisha linaweza kubadilishwa. Sylivia akasema hapana, likishachaguliwa limechaguliwa, isipokuwa kwa zawadi moja ya bei kubwa, ambayo ni ruhusa ya kuchagua upya. Mtu ainunue kwa pointi zake mwenyewe. Pointi zilizokwisha kutumika zingetosha, na zingebaki.

Kwa hiyo Blandine akaanza kuzitafuta upya. Siku zisizo za soko alishinda dukani. Alimpa mwanamke wake kazi aliyoitamani, akamnunulia nguo ya kwendea kazini, akamruhusu kulala mpaka ashibe usingizi. Matakwa yalikuja na yeye akayatimiza. Benchi lilianza kunung'unika. Jean-Bosco alilalamika kwamba nyumba imekuwa chafu, hata kutazama haifurahishi. Thembo akasema watoto wanalia. Blandine akamwambia watoto wana baba, yule pale ana gitaa, na akamtuma Kule wa kwenye skrini kubadilisha nepi. Wanaume wawili wakachomoa simu zao kabla hazijajaa na kuondoka.

Siku pointi zilipotimia, Sylivia aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa akaja kusimama nyuma yake. Blandine alinunua ruhusa ile. Yakajitokeza malengo mengi, akasomewa, akachagua la kumiliki biashara za mji mzima. Alipobonyeza, mwanamke wa kwenye skrini akaruka juu na kupiga makofi. Blandine hakupiga makofi. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa pembe ya kitenge, akakasirika zaidi kwa kuwa yamemlenga.

Kule alirudi na mikono iliyochubuliwa na mabati. Habari zilikuwa zimemfikia tangu Kikorongo, kutoka kwa mtu aliyepanda naye gari. Alipoona nyumba yake ya kwenye skrini ilivyo, alicheka kwanza. Akasoma lengo jipya, akaacha kucheka. Nyumbani alikula, akajilaza bila kuligusia. Blandine alidhani mume anatafakari.

Siku ya soko iliyofuata alipita dukani na furushi kichwani, akasikia kicheko cha zamani. Kwenye skrini, Blandine alikuwa amebeba mtoto, sufuria ikitoa moshi. Mkoba mweusi ulikuwa pale konani. Kule aliubonyeza, ukatoweka, benchi likashangilia.

Sylivia alikuja kumweleza baadaye Kule alichofanya. Kule alikuwa ameuhifadhi mchezo kabla ya kwenda Rukoki, hivyo aliurudisha tu kwenye siku ile, na yote yaliyofuata yakawa hayakuwahi kutokea.

Lakini pale pale Blandine aliweka furushi chini mlangoni. Akaingia, akapita katikati ya magoti ya wanaume, akachomoa waya ukutani. Skrini ikafa.

"Mama Masika, nini hiyo? Watu wanaangalia," Kule alisema.

"Waangalie. Wamezoea."

"Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, sababu gani ulimukataza kazi? Kila siku alikuomba. Ungemupa, ungepoteza nini?" Alikuwa akizungusha nyaya mkononi, taratibu, zisivunjike. "Mimi niko mutu, Kule. Njaa ninaisikia. Hii mashine niliinunua na njaa yangu."

Kule aliwatazama wanaume wa benchi. Blandine alimwita Thembo alete pikipiki. Thembo alimtazama Kule, kisha akamtazama Blandine, akainuka. Wakapita barabara kuu ya Bwera mchana kweupe, Blandine amekaa nyuma na kompyuta imefungwa kwa kitenge kifuani kama mtoto mchanga, watu wakitoka vibandani kushuhudia.

Wazee wa upande wa mume walikuja, pamoja na shangazi yake Kule, Yudesi, aliyeshuka kutoka Bwesumbu. Wote walimwona Blandine ana kosa. Amemwaibisha mume njiani, airudishe mashine, aombe radhi. Blandine aliwapikia, akawakaribisha, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema chakula kipo, lakini radhi hana. Yudesi aliondoka akisema wanawake wa Butembo wana shingo ngumu. Mashine ilipelekwa Kasese, kwa Nakato, rafiki yake mwenye chumba cha kuchapa na kurudufu karatasi, ikaanza kufanya kazi huko.

Siku nyingi Kule aliendelea na duka lake bila kompyuta. Alichaji simu, na jioni alikula alichopewa bila kuinua uso. Watazamaji walihamia kibanda kingine kinachoonyesha mpira. Jumapili moja, baada ya misa, walipokuwa wamekaa uani na watoto wamekwenda kucheza, alimwambia mkewe kwamba alipokuwa akiufuta ule mkoba hakuwahi kumfikiria yeye. Alifikiria kicheko cha benchi.

"Najua," Blandine alisema. "Hiyo ndiyo inaniuma."

Kule akakubali kwa kichwa. Kisha akamwuliza, kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake, yeye anataka nini. Blandine akasema anataka meza ya pili, Kasese, siku zisizo za soko la Bwera. Kule akaanza kusema Kasese ni mbali, nauli imepanda, na watoto nani atawatoa shuleni. Blandine alimtazama tu, mpaka Kule akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Mimi nitawatoa," alisema.

Jumatatu Blandine alipanda gari la kwanza, furushi la vitenge miguuni. Hasira zilikuwa bado zimo, zikimpanda kila alipokumbuka vicheko vile, na hakuwa na haraka ya kuziacha. Gari lilipokaribia Kasese alifungua mkoba wake, akatoa chapati na yai, akala.